Dubu Aliyepita Dirishani kwa Anti Naja

Kopo lile la bati lilikuwa likinukia vanila, na mpaka leo nikikutana na harufu ya vanila mahali najiuliza nani anataka kunihonga. Lilikaa juu ya kabati la darasa letu, limejaa pipi laini za kutafuna zenye umbo la dubu weupe, na Miss Harding, mwalimu wetu, alilifungua kwa ajili ya mtoto aliyesema jambo la kumfurahisha, si kwa mwingine. Kifuniko kikishatoka, harufu inazunguka darasa zima, inachanganyika na ile ya makoti yaliyorowa mvua yaliyotundikwa karibu na mlango, na kila mtoto ananyoosha shingo kuona nani kapata. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Michenzani, Unguja, miezi michache tu nyuma, Baba akiwa ametutangulia miaka miwili kufanya kazi kwenye ghala moja kule Washwood Heath, mjini Birmingham, Uingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Lakini harufu ile niliielewa bila mkalimani, na zile pipi nilikuwa nimekatazwa kabisa.

Aliyenikataza ni Mama. Mama ni mtu wa kushuku tangu azaliwe, na Birmingham ilimpa kazi ya kutosha. Unguja alikuwa akimshuku muuza maziwa kwa kutia maji na muuza nyama kwa kuchezea mizani, basi, na wote wawili aliwajua kwa majina na angeweza kuwafuata mpaka kwao akagombana nao. Huku kila kitu kimefungwa kwenye plastiki, kimepigwa rangi, na hakuna wa kugombana naye. Akajifunza kwa wanawake wenzake wa mtaa wetu wa Bordesley Green utaratibu wao: ukishika paketi, picha ya mbele usiitazame hata kidogo, geuza usome nyuma. Utawakuta wamesimama dukani kwenye safu ya biskuti, na mabuibui yao na mikoba yao, kila mmoja kageuza paketi kaisogeza karibu na macho, wanatafuta mafuta ya nguruwe na jelatini, ule ute unaotolewa kwenye ngozi na mifupa yake. "Mbele wanaandika wanachotaka ununue," Mama alikuwa akiniambia. "Nyuma ndiyo wanaandika walichotia. Hebu geuza, mwanangu." Yeye alisoma mpaka darasa la saba na herufi anazijua, lakini maneno ya Kiingereza hayakumwambia kitu, kwa hiyo msomaji wa paketi zote nilikuwa mimi, na msomaji wa barua zote za shule vilevile. Nilijiona mtu mkubwa.

Katika Birmingham nzima Mama alikuwa na rafiki mmoja. Majirani alisalimiana nao, kwenye harusi alikaribishwa, lakini mtu wa kukaa naye jikoni, kuvua viatu na kucheka mpaka kushika mbavu, alikuwa mmoja tu, na wala hakuwa Mswahili. Aliitwa Naja. Alitoka Grinlandi, kijiji kidogo cha kaskazini kabisa ambako bahari huganda watu wakapita juu yake kwa miguu, na alikuwa akifanya kazi na Mama kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali. Alikuja Uingereza kwa kumfuata mume, mume akamwacha, yeye akabaki na mashuka. Kiingereza cha Mama kilikuwa maneno arobaini hivi, cha Naja kilimtosha kusimulia jambo, na yaliyobaki waliyamaliza kwa mikono. Urafiki wao ulianza siku Naja alipofungua mfuko wake wakati wa chakula, na ndani mkawa na visamaki vidogo vilivyokaushwa, vya rangi ya fedha, alivyoletewa na dada yake. Mama akaruka. Dagaa! Mfuko ule haukuwa na maandishi yoyote, si mbele si nyuma, na Mama, ambaye kwake hata mkate hauliwi bila kugeuzwa, alitia mkono, akachukua, akala. Jioni alituhadithia mimi na Baba mara tatu. Tangu hapo kila Jumamosi mchana Naja alikuja kwetu. Mama alimpikia pweza wa nazi, Naja akala kwa mkono, akaramba vidole, akaomba tena. Nilimwita Anti Naja nikampa shikamoo, naye alijifunza kuitikia marahaba akiivuta mwishoni mpaka Baba anacheka. Nilimpenda, na zaidi ya hapo niliipenda sauti ya Mama siku za Jumamosi, maana siku nyingine sita alizungumza kwa sauti ndogo kama mtu aliyefikia nyumba ya watu.

Sasa niseme kosa langu la kwanza, maana bila hilo la pili halieleweki. Kabla ya Krismasi darasa letu lilisoma Afrika. Ukutani pakabandikwa kibanda cha nyasi, jua kubwa la rangi ya machungwa, twiga, simba, na mtoto aliyeshika fimbo. Mimi nilikuwa nimetoka ghorofa ya tatu ya majumba ya Michenzani, na vibanda vya nyasi nilivijua vya kwenye mahoteli ya watalii. Miss Harding akanisimamisha. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ukiamka asubuhi kwenu ulikuwa ukiona wanyama gani dirishani? Nikafikiri. Nikasema paka. Nikaongeza, na kuku wa jirani. Alitabasamu, lakini niliuona uso wake: tabasamu limebaki palepale, macho yameshaondoka yanatafuta mtoto mwingine. Jamani, uso ule! Sijawahi kumwona mtu akivunjika moyo kwa adabu namna ile. Nikashikwa na hofu kwamba nimemharibia somo lake. Nikasema, na simba. Macho yakarudi mbio. Simba mkubwa? Mkubwa, nikasema, alipita dirishani, niliona mgongo wake. Ghorofa ya tatu! Darasa likapiga makofi, bati likafunguka, nami nikamla dubu mweupe wa jelatini mbele ya macho ya Hodan, msichana wa Kisomali aliyekulia Nairobi, mwenzangu wa mezani, ambaye peke yake darasani aliweza kunisema kwa lugha ninayoielewa.

"Kwani huyo simba alipanda ngazi ama alitumia lifti?" akaninong'oneza.

Wiki mbili baadaye ikawa siku ya wazazi, na Miss Harding akamtajia Mama habari za simba. Mkalimani ni mimi, nani mwingine? Nikamwambia Mama kwamba mwalimu anasifu hesabu zangu. Mama akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, tena sana, na Miss Harding akaweka mkono kifuani kwa mshangao. Hivyo simba wangu akapata shahidi mtu mzima, na mimi nikajua jinsi uongo unavyopata miguu. Nilikuwa mtoto, lakini hilo sikulisahau.

Baada ya Krismasi Afrika ilibanduliwa, Aktiki, kule kaskazini kwenye barafu, ikapanda kwenye ukuta uleule kwa pini zilezile. Pamba za dukani zikawa theluji. Palikuwa na nyumba ya barafu ya duara, watu wenye makoti ya manyoya wakisuguana pua, dubu mweupe na pengwini wamesimama bega kwa bega, na katikati, kubwa kuliko zote, picha ya mtoto mweupe wa sili, mnyama wa bahari za baridi, macho yana maji, na chini yake maandishi ya kumtaka kila mtu amwokoe. Wenzangu walizipenda. Mimi niliitazama ile nyumba ya barafu nikasema moyoni, haya, kile kibanda cha nyasi wamekipaka chokaa. Nilikuwa najua jambo ambalo mtoto mwingine mle ndani, ila Hodan, hakulijua, kwamba kitu kinaweza kuingia kwenye ukuta ule kwa sababu tu mtu alitaka pipi. Basi nikashuku kila kitu. Nilishuku machozi ya sili. Nilishuku habari za usiku unaodumu miezi. Nilishuku dubu, nilishuku makoti, na Miss Harding akitabasamu namshuku maradufu.

Siku moja mvua ilipotufungia ndani wakati wa mapumziko, nilifanya alichonifundisha Mama. Nilizichukua zile picha kubwa za kadi ngumu zilizokuwa mezani, nikazigeuza moja moja. Nyuma palikuwa na maandishi madogo. Yule dubu anayenguruma alipigwa picha kwenye bustani ya wanyama. Ile familia ya manyoya ilikuwa ya waigizaji, studioni. Na pengwini, nilipomfuatilia kwenye kitabu cha maktaba, kumbe anaishi upande wa kusini wa dunia, na dubu mweupe hajawahi kuonana naye maisha yake yote. Nikamwonyesha Hodan. Alisoma, akasoma tena. "Haki ya Mungu," akasema, "hawa watu ni waongo kama wewe." Aliniudhi, nikazirudisha kadi mezani.

Aliyemleta Anti Naja darasani ni mimi. Nilitaka aje auangushe ule ukuta. Kila Jumamosi nilikuwa nikimsikia jikoni akimweleza Mama habari za kwao, nyumba ya mbao ya rangi ya buluu, televisheni, watoto wanaocheza mpira mpaka saa nne za usiku kwa kuwa jua halizami, na hakuna hata siku moja aliyotaja kusuguana pua. Nikamwambia Miss Harding kwamba tunaye mtu wa Grinlandi, tena anakula kwetu. Bati likafunguka papo hapo. Safari hii nilikataa pipi, nikajisikia mtakatifu. Mama alipoambiwa, hakufurahi wala hakukataa. Aliniita chumbani, akanishika kidevu. "Rukia, huyu ni mgeni wangu. Unamtoa hapa kwangu unampeleka kwa watu. Asirudi na neno moyoni, umenisikia? Sina mwingine." Nikamwambia nimesikia. Na Anti Naja naye aliniuliza, Jumamosi ile ya mwisho, akiwa na sahani ya pweza mkononi, wanataka niwaambie nini hao? Nikamjibu kwa kujiamini, sema kweli tu, Anti.

Alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa pili, amevaa jinzi na koti jeusi la kawaida, nywele fupi, mkononi ana bahasha ya picha. Nikasikia watoto wakiguna nyuma yangu. Miss Harding alikuwa amemwekea kiti juu ya theluji ya pamba, katikati ya dubu na pengwini, naye akaketi hapohapo. Akatazama ukuta. Macho yake yalikaa muda mrefu kwa yule mtoto wa sili. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndipo niliposoma kwamba watu wa vijiji kama chake waliishi kwa sili, wakala nyama, wakauza ngozi, na kwamba picha za namna ile, zilizosambazwa na watu wa mbali walioona huruma, ziliifanya ngozi ikose mnunuzi, ya yule mchanga mweupe ambaye wao hawakumwinda na ya mkubwa waliyemla. Siku ile niliona tu kwamba ametazama, akageuza uso.

Alisema kweli, kama nilivyomwomba. Nyumba ya mbao, buluu. Duka linauza biskuti na kuku wa kugandishwa. Nyumba ya barafu hajawahi kulala, wawindaji wa zamani ndio waliojenga wakizidiwa safarini. Mbwa wapo, wanafungwa nje, wanabweka usiku kucha. Mimi nilikuwa naitikia kila jibu kwa kichwa. Lakini nikamwona Miss Harding. Tabasamu palepale, macho yanaondoka. Ule uso! Nikaanza kumwomba Anti Naja kimoyomoyo, usimtazame, Anti, mtazame hata Hodan, usimtazame yeye. Akamtazama. Miss Harding akauliza, kwa sauti ya kubembeleza, hivi kweli hukuwahi kumwona dubu hata siku moja? Anti Naja aliishika ile bahasha yake ya picha. Kisha akasema, mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Alipita dirishani, niliona mgongo wake.

Dirishani. Mgongo wake. Masikio yangu yalishika moto. Aliendelea kusimulia, bibi yake alivyotoka mlangoni akipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko ili kumfukuza, dubu alivyogeuka akaelekea kwenye vichanja vya kukaushia samaki, na darasa zima limekaa midomo wazi, na Miss Harding anaelekea kwenye kabati lenye bati, nakwambia anaelekea kwenye bati! Sikuweza tena. Sikuona mgeni wa Mama pale kitini, nilijiona mimi mwenyewe na simba wangu wa ghorofa ya tatu. Nikasimama nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chote nilichowahi kusema: anadanganya, anasema hivyo ili ufurahi.

Anti Naja alinitazama, na hakuwa na hasira, ndilo linaloniumiza mpaka leo, alikuwa na mshangao tu. Akaniuliza kwa nini nasema hivyo. Pale, pale ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningesema, kwa sababu mimi nilidanganya. Maneno machache. Hodan alinikanyaga mguu chini ya meza, alijua. Lakini ningelipoteza jina langu darasani, na simba wangu, na pengine ile habari ya siku ya wazazi ingefika kwa Mama. Nikasema, tuonyeshe picha. Tugeuze tuone nyuma.

Alikuwa nayo. Ilikuwa imebaki ndani ya bahasha, peke yake, na nadhani alikusudia kutoitoa. Akaitoa, akanipa ikiwa imegeuzwa, kama nilivyotaka. Nyuma palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino, kwa lugha yao, maneno marefu marefu ambayo sikuweza hata kuyatamka, na majina manne. Nikageuza mbele. Nyumba ya buluu, dirisha, na karibu na vichanja vya samaki dubu amelala kwenye theluji, damu imemzunguka kichwa, wanaume wawili wamesimama na visu wako tayari kugawa nyama, bibi kizee anacheka, na msichana mwenye uso wa Anti Naja ameshika kifuniko cha sufuria. Watoto walikuwa wameshanizunguka. Mmoja akaanza kulia, mwingine akafuata, na Miss Harding akaninyang'anya ile picha kwa ghafla akaifunika kwa mikono yote miwili. Akawaambia watoto, kwa upole wake uleule, kwamba hayo ni mambo ya zamani, na siku hizi tunajua kuwa wanyama hawa wanahitaji kupendwa. Alisema "tunajua" huku Anti Naja ameketi pale kwenye pamba, mbele ya yule sili mwenye machozi. Kwa hiyo kwa muda wa dakika tano nilikuwa nimemfanya mama wa watu kuwa muongo, na nilipothibitisha kwamba si muongo nikamfanya kuwa muuaji.

Alikusanya picha zake taratibu, akavaa koti. Mlangoni alinipitia. "Uliniambia niseme kweli," akaniambia, basi, akatoka. Hodan alinigeukia tukiwa tunafunga mikoba. "Si ungesema tu juu ya ile simba yako?" Nikamwambia anyamaze. Sikulia shuleni. Nililia njiani, nikaosha uso kwenye bomba la msikitini kabla ya kufika nyumbani.

Jumatatu shule ikatoa barua ya kuwaomba radhi wazazi kwa picha iliyowasumbua watoto. Mama aliiweka juu ya meza, akafuta mikono, akaniita. Inasema nini? Nikaitazama ile karatasi, na jina la Naja limo ndani yake. Nikasema, wanasema tutakwenda kutembelea makumbusho, utie saini. Mama akachukua kalamu. Halafu akasita, kama kawaida yake. "Hebu geuza. Nyuma kuna nini?" Nikageuza nikamwonyesha. Hapakuwa na kitu. Akatia saini, akasema Mungu awape safari njema. Alimshuku kila mtu aliyeandika karatasi katika mji ule, na aliyemsomea hakumshuku.

Jumamosi iliyofuata Naja hakuja. Mama alipika pweza, akatandika mkeka, akafungua mlango mara mbili kuangalia barabarani. Jumamosi ya pili hivyohivyo. Kazini walisalimiana, akasema Mama, tena vizuri, lakini Naja alikuwa ameomba zamu nyingine, na wakati wa chakula hakukaa tena pale. Hakumwambia kitu. Nimefikiri sana kwa nini, na nadhani alimhurumia, hakutaka kumwambia mama mtu habari ya mtoto wake. Mwezi wa tano akaondoka Birmingham, akamfuata dada yake Denmaki. Mama akabaki na jambo la kushuku, na hakuwa na mwingine wa kulishuku ila yeye mwenyewe. Alianza na chumvi. Labda nilizidisha chumvi, Rukia? Kisha pilipili. Kisha ule mkeka, labda kwao kumkalisha mtu chini ni dharau. Mwisho akakaa kwenye pweza. Alikumbuka kwamba Jumamosi ile ya mwisho Naja alikuwa na sahani ya pweza mkononi na hakuimaliza, na akakata shauri kwamba kwao pweza ni mwiko, maskini ya Mungu alikuwa akila kwa kuona haya, na yeye, Mama, alimlisha haramu yao miezi yote ile kwa kutojua kuuliza. "Mtu anageuza paketi za dunia nzima," aliniambia, "halafu sufuria yake mwenyewe haigeuzi." Hakupika pweza tena. Baba alikuwa akiulizia, kwanza kwa utani, baadaye kwa kubembeleza. Mama akasema pweza ana nuksi. Ijumaa, Idi, hata Baba alipoanza kuumwa, hakuna pweza.

Miaka ishirini na tano imepita. Pale Washwood Heath palipokuwa na kiwanda cha magari siku hizi wanajenga karakana ya treni za mwendo kasi, ghala la Baba limeshafungwa, na Baba mwenyewe tulimzika miaka sita iliyopita. Mama anakaa nami Castle Vale. Binti yangu Salma ana miaka minane, alizaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote na anajibu kwa Kiingereza. Katika simu yangu nawaona wasichana wa Grinlandi wakijipiga picha wenyewe, wamevaa ngozi za sili walizoshona kwa mikono yao, wanakata nyama juu ya barafu na kumcheka anayewatukana, na hawangoji mtu awafungulie bati. Nafurahi, kisha najikuta nawashuku na wao, hivi hawa nao nani anawatazama, nani ana pipi? Sijapona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Salma alirudi na bahasha ya kuchangia fedha, mbele yake dubu mweupe aliyekonda, mbavu nje. Mama akaichukua, akaigeuza, akaiangalia nyuma muda mrefu, ingawa Kiingereza hasomi. "Nilikuwa na mwenzangu mmoja kazini," akamwambia Salma, "kwao dubu hawa wapo. Alikuwa mtu mzuri. Nilimkosea kwa chakula." Salma akaniangalia mimi. Sijui niseme nini kilichonisukuma, labda ni kule kumwona Mama anaomba radhi kwa mjukuu wake kwa kosa ambalo ni langu na sijawahi kumwambia. Nikakaa. Nikamwambia yote, simba, siku ya wazazi, dubu, picha, barua ya makumbusho. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, nikilia mbele ya mtoto wangu.

Mama hakunikatiza. Nilipomaliza aliirudisha bahasha kwa Salma. "Kwa hiyo haikuwa pweza," akasema. Nikasema haikuwa. Akaitikia kwa kichwa, pole pole. "Baba yako kafa anautamani mchuzi wangu wa pweza, Rukia. Siku tatu kabla hajafa aliniomba. Nikamwambia ana nuksi." Akainuka akaenda kusali, na ilikuwa bado nusu saa kabla ya alasiri.

Hajanifukuza, wala hajanisema kwa ndugu. Tunakula pamoja, ananiombea dua nikitoka. Lakini zikija barua, za hospitali au za manispaa, ananipa kwanza mimi, nami namsomea. Anasikiliza mpaka mwisho, anashukuru. Kisha ananyoosha mkono, anaichukua ile karatasi kutoka kwangu, na anamwita Salma aje amsomee tena. Mtoto anasoma kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, neno kwa neno, nami nimesimama pembeni nasubiri kama yatalingana. Akimaliza, Mama anamwambia, "Haya geuza. Nyuma kuna nini?" Salma anageuza.

"Hakuna kitu, Bibi."

Hapo ndipo anapotia saini.